Sweta la Kipimajoto

Kipimajoto kilikuwa kimevaa sweta.

Nilidhani baridi imenichezea macho. Nikaweka begi chini, nikausogelea mlingoti. Sweta kweli, la mtoto mchanga, la sufu ya rangi ya haradali, limefungwa vifungo vyote hadi shingoni juu ya kile kikasha cheupe kinachotunza kifaa. Nikacheka peke yangu kule kilimani. Nimefunga mitambo ya vituo vya hali ya hewa Rukwa yote na nusu ya Ruvuma, nimekuta nyuki ndani ya kipimamvua, nimekuta mtu kaanika soksi kwenye kipimaupepo. Lakini kifaa cha kupimia baridi kuonewa huruma ya baridi, hilo lilikuwa jipya kwangu.

Nikalivua, nikalitia mfukoni. Kifaa kinapima hewa, hakipimi sufu.

Ungo ulionileta ulikuwa umeshapaa na kugeuka kurudi Mbeya. Vyombo hivi vya duara vilipoanza kubeba watu bila rubani, bibi zetu walisema serikali sasa imehalalisha uchawi, wakaviita nyungo kwa kejeli. Jina likaganda. Siku hizi hata tiketi imeandikwa hivyo, na hakuna anayecheka.

"Kamwene, fundi," sauti ikanijia kutoka mlangoni mwa kibanda.

"Kamwene, bibi. Mimi ndiye Tumpe, fundi wa kituo."

"Tumpe! Mnyakyusa huyo. Umetuletea ndizi?"

"Nilizibeba, bibi, halafu nikakumbuka ninakwenda kwa Wakinga, watu wa biashara. Mngeziuza kabla sijashuka."

Akacheka hadi akashika fremu ya mlango. Huyo ndiye Bibi Yudita Mbilinyi, mlinzi wa kituo cha Kitunduma. Macho yake yote mawili yalikuwa na mtoto wa jicho, meupe kama maji ya mchele, na kesho yake asubuhi alikuwa apande ungo kwenda kufanyiwa upasuaji. Kila asubuhi, kwa miaka, alipanda kile kilima gizagiza, akiwa amefunika kichwa kwa blanketi, ili awashe programu kwa mkono wake. Umeme ukikatika, programu inakufa, na bibi anapanda tena.

Mimi nilikuwa nimetumwa kulimaliza hilo. Makao makuu yalitaka programu ya kituo iwe huduma ya chinichini, ijiwashe yenyewe, ijiinue yenyewe, isimngoje mtu. Na yalitaka kabla ya jua kuzama, maana usiku ule jalidi ilikuwa inakuja.

Kwa asiyejua jalidi, ni umande ulioganda. Unalala shamba likiwa kijani, unaamka limepigwa chokaa, na jua likitoka kila jani linakuwa jeusi. Zamani ilikuja mara moja moja kwa mwaka. Sasa milima hii inaipata msimu mzima, ndiyo maana kukajengwa Shuka.

"Shuka yenyewe iko wapi?" nilimuuliza bibi.

Akanielekeza kwa fimbo, bila kuona, na hakukosea hata kidogo. Mabomba yalipita ukingoni mwa mlima kulia na kushoto, na katikati kulikuwa na tangi kubwa linalojazwa na chemchemi ya maji moto. Jua likikaribia kuzama, programu hufungulia maji, na ukungu wa vuguvugu hushuka kulifunika shamba mpaka asubuhi. Tatizo ni tangi. Maji yake yanatosha kufunika upande mmoja tu wa bonde, kisha linahitaji mchana mzima kujaa. Ng'ambo hii ya mto ni Upande wa Jua, mashamba mapana ya viazi vya mbegu. Ng'ambo ile ni Upande wa Kivuli, vishamba vidogo vidogo vya viazi vya kula.

"Na nani anachagua upande?"

"Mashine," alisema bibi, akajikohoza. "Mashine ndiyo inayochagua. Ingia ndani, mwanangu, chai inapoa."

Ningemtazama usoni wakati ule, ningeuliza zaidi. Lakini mimi nikishika kazi huwa kama punda aliyeona nyumbani, sigeuki.

Kompyuta ya kituo ilikuwa kijisanduku cha ukubwa wa kipande cha sabuni, na ndani yake mfumo endeshi wa Linux, yule mzee ambaye kila kizazi kinatangaza amekufa, na kila kizazi kinamkuta jikoni anapika. Nilifurahi kumwona. Nikamtengenezea programu mtumiaji wake wa peke yake, jina lake kituo, asiye na nywila wala ruhusa ya kugusa kitu kingine, ili hata ikiharibika isiivuruge nyumba nzima. Kisha nikaandika faili la huduma. Si kitu kikubwa, ni mistari michache ya amri. Usianze mpaka saa ya mashine iwe sahihi. Endesha programu hii. Iendeshe kwa jina la kituo, si kwa jina la mkuu wa mashine. Na mstari ninaoupenda kuliko yote: ikianguka, kwa sababu yoyote ile, iinue.

Nikaiwasha kwa amri ya systemctl. Ikaanguka. Ikainuka, ikaanguka. Ikainuka, ikaanguka, kama mlevi kwenye utelezi.

"Vipi?" akauliza bibi.

"Kwa mkono inakubali, kwa huduma inakataa. Usinicheke, bibi."

"Sikucheki. Labda vifaa havijamzoea huyo mtumiaji wako mpya."

Alisema kwa utani tu, lakini ndivyo ilivyokuwa. Nilikuwa nimesahau kumpa kituo ruhusa ya kusoma waya unaoleta vipimo kutoka mlingotini. Kosa la mwanafunzi! Nikampa, nikaiwasha upya, na neno la kijani likatokea kwamba huduma iko kazini. Nikaiamuru ijiwashe kila mashine inapowaka. Kisha, kwa mbwembwe, nikachomoa umeme nikauchomeka tena. Tukangoja. Neno la kijani likarudi lenyewe.

"Imerudi," nikamwambia. "Haikumngoja mtu."

"Kwa hiyo nikitoka hospitali sitapanda tena?"

"Hutapanda, bibi. Utalala mpaka jua likukute kitandani."

Aliiweka fimbo chini. Kisha akajifuta uso kwa ncha ya kitenge, akasema asante kwa Kikinga, kisha kwa Kiswahili, kisha akatafuta mkono wangu akaushika. Jamani, nilijiona mtu wa maana. Nilishuka kilima nikiwa nimemshika mkono, nikiimba.

Nyumba yake ilikuwa Upande wa Jua, karibu na daraja. Alinipa viazi vya kuchemsha na maharage, nikala kama niliyetoka jela. Tulikuwa bado tunakula pale mtu mmoja alipobisha hodi, mrefu, mkimya, mwenye buti zenye udongo mweusi. Alikuwa Nikodemu Ilomo wa ng'ambo ya Kivuli, na alikuja kupanga safari ya kesho, kwa kuwa yeye ndiye angemsindikiza bibi hospitalini.

Akapewa kiazi. Akakimenya taratibu, kisha akasema, "Bibi, leo ni zamu yetu. Umeshakivalisha?"

"Nimekivalisha tangu asubuhi. Usiwe na wasiwasi."

Nikaacha kula. Nikaingiza mkono mfukoni, nikalitoa lile sweta la haradali, nikaliweka mezani katikati ya sahani.

Bibi hakuona. Nikodemu aliona. Akakirudisha kiazi chake kwenye sahani.

"Fundi," alisema, "umetumaliza."

Ndipo nikaambiwa. Ubongo wa Shuka, ile sehemu ya programu inayochagua upande, ulikuja umefungwa na waliouunda. Kila jioni unafanya hesabu moja tu, wapi kutapotea viazi vingi zaidi usiku huu. Jibu siku zote ni Upande wa Jua, maana mashamba ya kule ni makubwa. Hauna habari ya jana wala ya kesho. Lakini kila mkulima wa Kitunduma anajua kuwa kiazi husamehe jalidi moja. Kinanyauka, kinachipua tena shinani, unavuna kidogo lakini unavuna. Jalidi ya pili mfululizo hakiisamehe. Kwa hiyo wenyewe walikubaliana zamani, kanisani, mbele ya watu wote: zamu. Leo Jua, kesho Kivuli. Waliandika kuomba ubongo ufundishwe zamu. Wakajibiwa kwamba mfumo uko sahihi.

"Basi nikatafuta njia ya kibibi," alisema Bibi Yudita. "Siku ya zamu ya Kivuli, nakivalisha sweta kipimajoto cha huku. Sufu inashika joto la mchana, mashine inaona kwetu hakuna baridi, inapeleka Shuka kwa wenzetu."

"Kwenu?" nikamwambia. "Bibi, shamba lako si liko huku Jua?"

"Ndiyo."

"Kwa hiyo unaligandisha shamba lako mwenyewe?"

"Siku ya zamu yao, ndiyo. Sasa ulitaka nifanyeje?"

Jana yake ilikuwa zamu ya Jua. Kivuli kilikuwa kimeshapigwa mara moja. Kikipigwa tena usiku ule, Nikodemu na wenzake wangebaki na mashina meusi, na njaa kabla ya mvua. Na jua lilikuwa limeshaegemea mlima.

"Basi turudi tukalivalishe!" Nikodemu alikuwa ameshasimama.

Na mimi nilitaka, Mungu ananijua. Lakini nilikuwa najua jambo ambalo wao hawakulijua.

"Vipimo vya kile kikasha haviishii hapa," nikasema. "Vinakwenda mpaka vijiji vya chini bondeni. Kule hawana Shuka, wana moshi tu. Kikasha kikisema baridi, wanapewa onyo, wanawasha mioto pembezoni mwa mashamba. Kikisema joto, wanalala."

Bibi Yudita akageuza uso wake upande nilipokuwa.

"Unasema kila nilipokivalisha..."

"Sijui, bibi. Labda siku nyingine vituo vingine viliwaonya. Sijui."

"Lakini huenda walilala."

Sikuweza kumdanganya. "Huenda walilala."

Aliweka kiganja juu ya kiganja, akakaa hivyo. Nilimhurumia mpaka nikaona hasira, hasira na wale waliofunga ubongo wakaenda zao, na mimi niliyekuja na mbwembwe zangu za kuchomoa umeme. Mgeni njoo, mwenyeji apone, wanasema. Huyu mgeni alikuja na ugonjwa begini.

"Twendeni juu," nikasema. "Bila sweta. Nitaona cha kufanya."

"Na mimi nakwenda," alisema bibi. "Nani anipe mkono?"

Kibandani tulimkuta Mzee Obedi Chaula, mwenyekiti wa wakulima wa Upande wa Jua, mtu mnene wa koti la mvua, amesimama mbele ya skrini anaisoma. Alipomwona Nikodemu nyuma yetu akarudi nyuma hatua moja.

"Nimekuja kuangalia kama kazi imekamilika," alisema. "Fundi, hongera."

"Obedi," alisema bibi, "ni wewe uliyeiomba hii huduma?"

Mzee Obedi akajifunga koti.

"Niliomba, ndiyo. Bibi, macho yako yamekwisha, ungeanguka siku moja kwenye yale mawe. Na mimi nina mbegu ya wilaya nzima kule chini, imetoa maua. Ikipigwa leo, nusu ya mavuno imekwenda. Tutaendelea mpaka lini kuendesha bonde zima kwa sweta la mtoto?"

Nawaambieni ukweli, hakuwa mtu mbaya. Kila alichosema kilikuwa kweli. Ila alikuwa akikisema akitazama ukuta.

"Na zamu?" aliuliza Nikodemu.

"Mimi sijavunja zamu. Ni mashine."

Hapo ndipo kichwa changu kikafunguka. Nikavuta kiti.

Amri niliyopewa ilikuwa huduma moja, ya kupima na kumwaga, ijiendeshe. Nikaigawa mara mbili. Ya kwanza nikaiita pima. Hiyo nikaiacha kama nilivyoiandika, iko kazini mchana na usiku, ikianguka iinuke, na vipimo vyake viende kwa kila kijiji kama vilivyo, bila sufu. Ya pili nikaiita mwaga. Hiyo nikaitoa kwenye orodha ya kujiwasha, nikaupita ubongo uliofungwa, nikaandika programu fupi inayojua kitu kimoja tu: kuuliza upande gani, kisha kungoja. J kwa Jua, K kwa Kivuli. Mtu asipobonyeza, hakuna maji popote.

Nikaihifadhi. Leseni yangu ya ufundi ilikuwa na jina langu peke yangu chini yake, na sheria ya kwanza ya leseni ile ni kutogusa ubongo. Sikuugusa, niliupita pembeni, lakini sikuwa mjinga wa kudhani makao makuu yataona tofauti.

"Tayari," nikasema. "Sasa inataka mkono. Nani?"

Nikodemu akamtazama bibi. Bibi akatikisa kichwa.

"Mimi nimechoka, na kesho sipo. Mkono wa Obedi."

"Mimi?" alisema Mzee Obedi.

"Wewe ndiye uliyechoka na sweta langu, na ulikuwa na haki. Bonyeza wewe."

Akakaa. Kiti kililia. Dirishani jua lilikuwa limebaki ukucha, na jasho lilikuwa linamtoka yule mzee kwenye baridi ile. Kidole chake kilisimama hewani. Alikuwa na sababu zake zote, mbegu, maua, wilaya, na hakuna hata mmoja wetu ambaye angemshika mkono. Nilitaka kupiga kelele. Nikajiuma mdomo.

Nikodemu alijisogeza, akakalia ndoo iliyopinduliwa kando yake. Nikajua sasa ataomba, na nikamwonea aibu mapema.

"Mama Chaula nyumbani, mguu wake umepoa?" aliuliza.

Mzee Obedi akakohoa. "Bado. Unamsumbua usiku."

"Yule mke wangu alichemsha majani ya mkaratusi, akamkanda nayo mama yake. Nitamwambia apitishe kwenu."

"Haya," alisema Mzee Obedi, na sauti ilikuwa imekwisha. "Haya, Niko. Mwambie apitishe."

Akabonyeza K.

Mabomba yalinguruma upande wa kushoto. Alibaki ameinamia kibodi, mabega yanacheza, na Nikodemu akamwekea mkono mgongoni. Mimi nilitoka nje kwa kisingizio cha kuangalia mlingoti. Huwa silii mbele za watu.

Alfajiri bonde lilikuwa na rangi mbili. Ng'ambo ya Kivuli ukungu ulikuwa unainuka polepole, na chini yake kijani. Upande wa Jua ulikuwa mweupe tupu, mpaka kwenye kizingiti cha Bibi Yudita. Kwenye vijiji vya chini moshi ulitanda. Onyo lilifika, kikasha kilisema kweli.

Tuliungoja ungo wa bibi uwanjani, sisi wanne. Bibi na blanketi lake begani, fimbo mkononi.

"Nielezeni," alisema. "Kukoje?"

Nikafungua mdomo. Mzee Obedi akanitangulia.

"Kwangu kweupe, bibi. Na kwako. Kwa kina Niko kumepona."

"Vitasamehe," alisema bibi.

"Vitasamehe," aliitikia, akilitazama shamba lake kama mtu anayetazama mgonjwa. Kisha akanigeukia mimi. "Leo ni zamu ya Jua. Nani atabonyeza?"

"Mkitaka ushauri wangu," nikasema, "zamu ya Jua abonyeze mtu wa Kivuli. Zamu ya Kivuli, mtu wa Jua."

Akalitafuna lile jambo. Akamtazama Nikodemu aliyekuwa akifunga kifurushi cha bibi kwa kamba, na nikaona hofu ikimpita usoni, ileile aliyokuwa amewaachia wenzake miaka yote bila kuijua.

"Lakini Niko anamsindikiza bibi," alisema. "Akichelewa kurudi je?"

"Nitarudi kabla ya jua kuzama," alisema Nikodemu. "Ungo ukigoma nitakuja kwa miguu."

Mfukoni simu ikatetema. Makao makuu. Huduma ya kumwaga katika kituo cha Kitunduma haijiwashi yenyewe. Irekebishe au eleza sababu. Niliusoma ujumbe mara mbili. Niliwaza kodi ya nyumba, nikamwaza mama yangu Tukuyu anayewaambia majirani kwamba bintiye ni fundi wa anga.

Bibi alikuwa ameshapanda. Akanyoosha mkono nje ya mlango wa ungo, anapapasa. Nilidhani anataka kuniaga, nikampa wangu.

"Sweta," alisema. "Kule wodini kuna baridi, na watoto watakuwepo."

Nikampa. Ungo ukapaa, na Mzee Obedi akavua kofia, akaishika kifuani mpaka ulipopotea nyuma ya mlima. Kisha akaanza kupanda kuelekea kibandani, ingawa jua ndiyo kwanza lilikuwa linatoka na hakukuwa na cha kubonyeza mpaka jioni.

Nikawajibu makao makuu. Niliandika: Huduma ni nzima. Inamngoja jirani.